Saa Sita Alizompa Kibii

Jepchumba Kigen anaijua damu ya mpiga mbizi kuliko anavyowajua majirani zake mjini Nakuru. Miaka kumi na tano amezama katika mapango yaliyojaa maji kandokando ya Ziwa Baringo, ambako mamba hawajali shahada ya mtu, kisha akajifungia katika maabara ya chuo kupima hewa inayoyeyuka mwilini. Mtu akizama, damu hunywa hewa. Akiibuka haraka, hewa hiyo hutoa mapovu kama soda iliyofunguliwa. Kilichomshughulisha yeye ni milima. Mpiga mbizi akitoka Baringo na kupanda gari hadi Kabarnet, mita elfu moja juu, mwili wake huona bado anaibuka. Vitabu viliandikwa na watu wa baharini, ambao wakitoka majini hawana mlima wa kwenda kulala.

Jedwali lake la saa za kungoja kabla ya kupanda mlima hutumiwa sasa hata na wanaoopoa miili Naivasha, na hakuna aliyelifuata akaumia. Watu humpongeza. Hawajui kwamba mstari wa kwanza wa jedwali hilo ni mdogo wake, Kibii.

Walikuwa wakizama pamoja. Siku hiyo walitoka pangoni saa nne asubuhi, na kesho yake wazee walikuwa wanaenda Kabarnet kumposea Kibii mchumba. Kanuni yao ilikuwa kulala bondeni kwanza. Lakini kufikia saa kumi Kibii alishavaa shati jipya.

"Sista, niende ama niende?" akauliza akicheka.

Jepchumba akapiga hesabu upesi kwa kitabu cha bahari. "Masaa sita imetosha. Enda, lakini usikimbize gari."

Miguu ya Kibii ilikufa ganzi kabla hajafika Kabarnet. Alifariki njiani akirudishwa chini.

Kwenye mazishi mama yao aliuliza swali moja tu: kijana alikatazwa? Jepchumba akamtazama yule mama aliyevimba macho, akaogopa kumpoteza na yeye.

"Alikatazwa, Mama."

Basi ikawa hivyo. Miaka kumi na mmoja mama akamwambia kila mgeni kwamba ukaidi ndio uliomuua mwanawe.

Mwaka huu Jemutai, mke wa ndugu yao mwingine, akajifungua mvulana. Kwa desturi yao wanawake humwekea mtoto ugoro kidogo puani, wakiyaita majina ya marehemu wa ukoo, na jina linaloitwa anapopiga chafya ndilo lake. Kabla hawajaanza, mama akaonya: "La Kibii msilitaje. Sitaki mtoto arithi ukaidi."

Jepchumba akasogea karibu naye. "Mama, hakuwa mkaidi. Aliniomba ruhusa. Ni mimi nilimwambia aende."

Mama akamgeukia.

"Miaka hiyo yote nimemlaumu mtoto wangu kaburini," mama akasema, "na wewe ukinisikia?"

"Nilikusikia, Mama."

Hakumgombeza; heri angemgombeza. Akampokea mtoto kwa Jemutai, akamwekea ugoro puani, akainama sikioni pake, akaita. Kibii. Kibii. Mtoto akamkodolea macho tu. Akaita mpaka sauti ikakwaruza, mpaka Jemutai, kwa huruma, akalitaja jina la babu.

Mtoto akapiga chafya. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama bado alikuwa anamwita Kibii, kwa sauti ya chini, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba mtoto ameshapata jina.