Mizizi Niliyoisawazisha

Kosa langu la kwanza bustanini lilikuwa kukata mizizi ili ilingane. Kila nikisikia harufu ya gunia bichi nalikumbuka, na bado naona haya.

Baba alikuwa akitunza bustani ya Wazungu Nachingwea. Walipofungasha kuondoka, aling'oa mashina matano ya asparagasi, mboga yao inayochipua kama vidole, akayafunga kwenye gunia lililoloweshwa na kutembea nayo hadi kwetu Marambo. Mama alikwishang'oa bamia zake kuyapisha. Mengine yasingepatikana.

Baba alipokwenda kuswali alasiri, niliyafungua. Mizizi ilitawanyika kama miguu ya buibui, mirefu kwa mifupi. Sikuvumilia. Nilichukua kisu nikaipunguza, nikaona imependeza. Kisha nikaona vipande vilivyolala chini, nikajaribu kuviunganisha tena.

"Baba, nimeikata," nilisema aliporudi.

"Yote?"

"Isipokuwa mmoja. Huo ulikuwa sawa tayari."

Mama alicheka hadi akakaa chini. "Bwana wewe, umezaa kinyozi!"

Baba hakucheka. Aliyapanga mashina kwenye shimo refu, akayafukia. "Tungoje mvua," alisema.

Niliingoja kama mtu anayengoja bakora. Iliponyesha, vidole vya kijani vilitoboa udongo, kila kimoja na urefu wake. Shina moja tu halikuota. Baba aliniita nivione, na hapo ndipo alipocheka.

Siku hizi nikihamisha mche, kisu nakiacha ndani.