Presha Niliyoisema kwa Mdomo

Hapa Nyakuron, mtaa wa Juba, siku hizi siwezi kutoka kununua hata sabuni bila mtu kuniuliza kama mkono wa yule mgonjwa umepona, na wanaocheka zaidi ni watu niliowaogesha mwenyewe walipokuwa wachanga, kwa hiyo nimeona afadhali aibu yangu niiseme mwenyewe, maana ikibaki kwa Keziah inarefuka kila Jumapili. Ni kweli nilianguka mbele za watu. Ni kweli nilikutwa chini nimeshika mkono wa mtu (mtu wa plastiki, lakini hapo Keziah hapafiki). Mengine yasikilizeni hapa.

Mimi ni Tereza Jokudu. Shule niliiacha darasa la tatu, vita vikatukimbiza, na Kiswahili hiki nilikiokota Kitale, kule Kenya, nikiwafulia watu nguo miaka kumi na tisa. Hesabu hazikuingia kichwani, lakini jina la mtu likiingia halitoki, na ndiyo maana leo nitawataja wote, asinilaumu mtu.

Yote yalianzia kanisani. Baada ya ibada alisimama Sista Josefina Keji (si mtawa, ni nesi mkubwa, binti wa marehemu Yokobo Wani aliyekuwa fundi baiskeli) akasema kuna manesi wapya wamemaliza chuo na vyeti wanavyo, lakini cheti hakidungi sindano, kwa hiyo watatahiniwa kwa vitendo mmoja mmoja, atakayeweza apewe kazi wodini na asiyeweza arudi kwao akatundike cheti ukutani. Wanatafutwa wazee sita wa kujifanya wagonjwa.

"Lakini nataka wazee wazima," akasema. "Mwenye presha au sukari abaki nyumbani. Mtashikwashikwa tangu asubuhi na sitaki kumrudisha mtu kwao kwa machela."

Nikawa wa kwanza kuinua mkono. Keziah Sunday, tuliyekimbia naye na tukarudi naye, akanikanyaga mguu chini ya benchi.

"Tereza, na vidonge vyako?"

"Vidonge gani?"

Presha ninayo, huu mwaka wa nne, na vidonge nachukua zahanati kule Jebel. Lakini nilikuwa na hamu ya kwenda kuwacheka. Manesi wa siku hizi nawajua, simu mfuko wa kulia na simu nyingine mfuko wa kushoto, unamwambia tumbo linauma anakuuliza daftari liko wapi, na mwaka jana kuna mmoja, Betty Aate, alinitafuta mshipa kama mtu aliyeangusha funguo mchangani. Nikajisemea, safari hii watalala wao kwenye moto na mimi nitakuwa juu ya kitanda nawatazama.

Siku yenyewe ilipofika sikumeza kidonge. Kidonge changu kinavuta mkojo, na mgonjwa wa maigizo hawezi kushuka kitandani kila dakika kumi kutafuta choo. (Jana yake pia sikukimeza, tulikuwa na mazishi. Na juma lililotangulia nalo tusilichimbe.) Nikavifunga vyote kwenye fundo la lawa yangu, ile shuka tunayoifunga begani, nikaenda hospitali.

Tulipofika tukakalishwa kwenye benchi tupimwe kwanza presha, ili wasimamizi wawe na nambari ya kila mzee na wailinganishe na atakayoipata mtahiniwa. Sista Josefina alikuwa peke yake, huku wanamwita, kule jenereta limegoma, mashine ya presha ameitia kwapani. Akanifikia mimi. Nikamwambia, "Mimi nimeshapimwa na yule dada aliyeingia ndani."

"Ilikuwa ngapi, haboba?" Haboba ni bibi, ndivyo wanavyotuita wazee hapa.

"Mia na ishirini kwa themanini."

Nambari hiyo naijua kama Baba Yetu, ndiyo wanayoisema kule zahanati ukiwa mzuri. Akaiandika akapita. Neno moja dogo, wala sikupepesa jicho, na Keziah akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi akielekea kwenye unga.

Wakanilaza katika ukumbi mkubwa. Upande mmoja Keziah, yeye karatasi yake ilisema mguu umevunjika, upande wa pili sanamu ya plastiki ya mtu mzima ambayo watahiniwa waliikandamiza kifua kuamsha moyo. Ukutani wamekaa wageni waliokuja kutazama mtihani. Mimi nilikuwa Mama Maria, malaria siku tatu, kichwa kinagonga. Msimamizi wa kitanda changu alikuwa Bwana Elioba Taban, mwalimu wa manesi, mtu mkavu, macho hayatoki kwenye karatasi ya alama.

Wakaanza kuingia. Loo, nchi hii Mungu ameishika kwa mkono wake mwenyewe. Wa kwanza, Suzan Yar, alinifunga mkanda wa presha juu ya sweta, sweta lile la baridi, akapampu akisikiliza sufi. Wa pili, Emmanuel Lado, alijaza upepo akasahau kuufungua, mkono ukawa mweusi kama biringanya huku yeye ananiuliza kama nina watoto. Wa tatu, Viola Kani, huyu alisikia, nilimwona, mshale wa ile saa ya presha ulipofika kule juu macho yakamtoka, akanitazama mimi ninavyogumia kwa malaria ya uongo, akamtazama mwalimu, akameza mate. Na wote watatu, mmoja baada ya mwingine, wakasema kwa sauti ya kanisani, "Mia na ishirini kwa themanini." Ndiyo nambari ya kitabuni. Bwana Elioba anatazama karatasi, anakuta ndiyo hiyo hiyo, anapiga tiki.

Wakafika saba, na wote saba wakaimba wimbo mmoja. Mimi niliyejua kwamba hakuna hata mmoja aliyepima kitu nikawa natikisa kichwa kwa upole, maana uongo wao ulikuwa umeukalia uongo wangu kama kifuniko na sufuria. Nikawadharau kwelikweli, na nikawashukuru.

Wa nane akawa Kiden, wa Sherikat, binti wa Yunia anayeuza samaki wakavu karibu na daraja. Wakati wa chai Sista Josefina alitunong'oneza kwamba huyu ni mara yake ya pili, mara ya kwanza alianguka kwa sababu ni mpole mno wa mikono, kengele ililia hajamaliza, na ya tatu haipo. Akaingia na viatu vilivyoshonwa kwa uzi wa kijani. Nikasema moyoni, huyu ndiye wa kufungia kazi.

"Habari ya asubuhi, haboba. Mimi ni nesi Kiden. Naomba jina lako kamili."

"Maria."

"Maria nani?"

"Maria wa malaria."

Wageni wakacheka kidogo. Yeye akanivua sweta, akafunga mkanda kwenye ngozi, akaenda kufunga dirisha kwa sababu jenereta lilikuwa linanguruma nyuma yake, akarudi akapampu. Akasikiliza. Akaachia, akangoja, akapampu tena. Akahamia mkono wa pili. Nikaanza kusikia joto la kweli.

"Haboba, unatumia dawa yoyote ya presha?"

"Karatasi yangu inasema malaria."

"Simwulizi karatasi. Namwuliza haboba."

"Basi haboba hana kitu."

Akamgeukia mwalimu. "Mia mbili kwa mia na kumi na mbili. Mikono yote miwili."

Bwana Elioba akainua macho, mara ya kwanza tangu asubuhi. "Rudia."

"Nimerudia mara tatu, mwalimu."

"Wenzako saba wamepata mia na ishirini kwa themanini. Na sisi tuliandika hivyo kabla yao. Unataka kuniambia watu wanane ni vipofu na wewe ndiye mwenye macho?"

Hapo ndipo pa kusema. Jamani, pale palikuwa pa kusema, mlango ulikuwa wazi kabisa, na Keziah aliufungua zaidi kwa kukohoa mara mbili. Badala yake nikainuka na kiwiko nikasema, wageni wote wakisikia, "Mwalimu, mtoto huyu msimlaumu. Kwao wanapima samaki tu."

Ukumbi ukacheka, na mimi nikacheka nao. Kiden hakulia. Aliitazama ile kalamu ya Bwana Elioba ikishuka kwenye karatasi, akasema polepole, "Niandikie sifuri, mwalimu. Lakini huyu mama asishuke kitandani."

Sasa ukitaka nishuke kitandani, mwambie mtu aseme nisishuke.

Nikashuka. Nikawaambia wageni watazame mgonjwa wa mia mbili, nikaanza kucheza, ile ya akina mama wa kanisa tukipeleka sadaka, mabega mbele, hatua mbili, hatua tatu. Ya nne sikuikanyaga. Ukumbi ulizunguka, nikatafuta cha kushika, nikashika mkono wa ile sanamu, na mkono wake haukuwa umeumbiwa kazi hiyo, ukang'oka begani, tukashuka wote, mimi na mkono na beseni la maji ya sabuni. Lawa ikafunguka. Fundo likafunguka. Vidonge vikatawanyika sakafuni kama mtama wa kuku, mpaka chini ya viti vya wageni, na mimi katikati nimekaa kwenye maji na gauni la ndani, nimeukumbatia ule mkono kama mtoto. Keziah mwenye mguu uliovunjika ndiye aliyefika kwa mbio kuliko wote.

Kiden hakuniinua. Alipiga magoti kwenye maji, akanifunika kwanza kwa lawa yangu, akasema nisisimame. Akaniambia nitabasamu, niinue mikono yote miwili aone kama upande mmoja umelegea (ikawa mitatu, nilikuwa bado nimeushika ule). Kisha akaokota vidonge viwili akavitazama.

"Sasa niambie jina lako. La kwako, si la karatasi."

"Tereza Jokudu."

"Hivi ni vyako, Tereza Jokudu?"

Hakusema haboba. Tangu Kitale sijaitwa hivyo, jina zima, bila shanga juu yake, nikajibu kama mtoto wa darasa la tatu. "Ni vyangu."

Bwana Elioba akanipima mwenyewe. Mia mbili na kumi. Akavua miwani, akazichukua zile karatasi saba akazipanga vizuri mezani, akawatazama wale saba waliokuwa wamejazana mlangoni, na Emmanuel Lado akaanza kutazama viatu vyake. Viola ndiye pekee aliyefungua mdomo. "Niliiona," akasema. "Nikadhani ni sehemu ya maigizo."

Halafu akaja Sista Josefina na daftari lake. Hakupaza sauti. Alichuchumaa pale nilipolala akaniuliza, "Haboba Tereza, yule dada aliyekupima asubuhi alikuwa nani? Si wewe unajua majina ya watu wote wa Juba?"

Mimi ambaye nawajua mpaka mbwa wa marehemu Yokobo Wani. Nikatafuta kichwani jina la mtu ambaye hakuwahi kuwepo, na watu wote ukumbini wakanisubiri nilitafute.

Walinilaza wodini siku mbili, kitanda cha kweli, na aliyekuja kunitafuta mshipa alikuwa Betty Aate. Safari hii aliupata mara moja. Nikajaribu kutafuta kosa, nikakosa. Wale saba walirudia mtihani baada ya wiki mbili, kwa wazee waliopimwa na watu wawili, na mmoja wa wale wawili alikuwa Bwana Elioba. Kiden akapewa kazi, tena, kwa adhabu ya Mungu, wakampeleka zahanati ya Jebel, chumba cha presha.

Kwa hiyo sasa kila mwezi nakaa mbele yake. Ananiuliza jina langu kamili kama hajawahi kuniona, nalitaja. Anataka kidonge nikimeze hapo hapo na nifungue mdomo, naufungua kama kifaranga. Samahani nilimwomba, siku ya kwanza, mbele ya foleni nzima, kwa sababu matusi niliyatoa mbele ya watu, na akasema "Malesh, haboba, lete mkono," yaani si neno, akaendelea na kazi. Nimeapa presha yangu sitaisema tena kwa mdomo, mdomo nimeuachia majina.

Lakini mzoefu ni mzoefu. Mwezi uliopita jua lilikuwa kali na nina njaa, nikamwambia, "Andika mia na ishirini kwa themanini, mjukuu wangu, nikale."

Akainuka akafunga dirisha. Akapampu upya. Ilikuwa mia na arobaini na sita kwa tisini, na ndivyo alivyoandika.