Mguu wa Kijani wa Veikka

Sitaki kuandika. Nimesema hivyo mara tatu, na mara zote tatu yule binti wa maktaba anayekusanya hadithi za watu amenisukumia kalamu kana kwamba mimi ni kiziwi. Shule niliiacha mapema, ng'ombe walinihitaji. Lakini Veikka mwenyewe ameniomba, basi hii hapa, na makosa ya herufi ni yangu, msiyaguse.

Veikka ni mtoto wa majirani zangu, Esko na Tarja. Anasomea uhandisi Oulu, mji wa chuo huku kwetu Finland. Huko wanafunzi wana ovaroli, kila fani na rangi yake, zimejaa viraka vya nembo, na ni mwiko kuzifua. Wawili wakipendana, kila mmoja hukata mguu mmoja wa ovaroli yake chini ya goti, wakabadilishana, wakashona. Ovaroli ya Veikka ni nyeusi. Baada ya Mei Mosi, ambayo huko ni sikukuu ya wanafunzi, ilikuwa na mguu mmoja wa kijani.

Mguu ule ulikuwa wa Joonatan, kijana anayesomea ualimu.

Kosa la Veikka ni kusahau. Alikuja nyumbani Siku ya Mama na mfuko wa nguo chafu, na ovaroli imo humo humo. Tarja akaufungua mfuko.

"Esko! Njoo uone! Mtoto ana mtu!"

Esko akaja na kikombe cha kahawa mkononi, akaupima mguu kwa shubiri. "Duh! Huyu binti ana miguu mirefu kuliko korongo."

"Hebu acha wewe! Anaitwa nani, mwanangu?"

Veikka alikuwa na mkate wa iliki mdomoni. Akautafuna, akautafuna. Kwa bibi yake picha ya binamu Ilmari ilitolewa ukutani mwaka ule Ilmari alipofunga ndoa na mwanamume mwenzake. Msumari mtupu upo mpaka leo. Na Esko ndiye msoma mahubiri kwenye nyumba ya sala.

"Johanna," akasema.

Jioni baba na mwana wakaingia sauna, kibanda cha kuogea mvuke. Esko akamwagia mawe ya moto maji, akasema bila kugeuka, "Mama yako amelia kwa furaha. Ulivyokonda, tulidhani unaumwa."

"Masomo, baba."

"Masomo! Kumbe ni mapenzi." Akacheka, akamchapa mgongoni kwa tawi la mti wa mbetula, kama ilivyo desturi ya sauna.

Veikka akasema joto limemzidi. Akatoka, akakaa kwenye ngazi bila taulo mpaka meno yakaanza kugongana.

Aliporudi Oulu, Joonatan alimpokea kwa swali. "Umewaambia?"

"Wamekualika sikukuu ya katikati ya kiangazi."

"Mimi? Kweli?" Joonatan akasimama.

"Wamemwalika Johanna."

Joonatan akaketi tena. "Anapika vizuri huyo Johanna?"

"Usinicheke, bwana."

"Sicheki. Mama yangu anakufumia soksi, anajua namba ya mguu wako. Mimi kwenu sina hata jina."

Wiki zilizofuata Veikka hakulala. Mitihani miwili ilimpita akiwa kitandani, macho makavu. Akaenda zahanati ya wanafunzi, nesi akampa fomu ya kujaza akingoja. Unalala? Unakula? Una mtu wa kuzungumza naye? Akaweka alama ya "vizuri" kuanzia juu mpaka chini, maana akijibu ukweli mmoja itabidi ajibu yote. Nesi akaisoma, akamtakia kiangazi chema.

Mwezi wa sita Joonatan akasema amechoka kuwa binti. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Veikka alifumua nyuzi mwenyewe, akamrudishia mguu wake.

Sikukuu ilipofika akapanda basi kwenda kwao peke yake. Tarja alikuwa ametandika shuka mpya kwenye chumba cha wageni, na miti michanga ya mbetula imesimamishwa pande mbili za mlango, pambo la sikukuu.

"Johanna yuko wapi?"

"Tumeachana, mama."

Tarja akamkumbatia palepale uani, akalia kuliko yeye. Esko akamshika bega. "Wasichana wapo, mwanangu. Tutakuombea upate mwingine, huyo hakukufaa." Mezani wakamwekea kipande kikubwa cha samaki. Tarja akampapasa nywele kama alipokuwa mtoto. Hawajawahi kuwa wapole kwake kiasi kile, na kila pole waliyompa ilikuwa ya msiba wa mtu mwingine. Angefanya nini? Akasema asante. Akala samaki. Wakamwongeza, akasema asante tena.

Siku ya pili alikuja kunipasulia kuni, akanieleza yote haya akiwa amenipa mgongo. Nilimmiminia kahawa. Jumatatu akarudi Oulu, na simu za nyumbani sasa anapokea akitaka.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, una mtoto au mjukuu chuoni. Mpigie leo, si kesho. Usimuulize kama ana msichana. Muulize amekula nini, halafu funga mdomo, hata akikaa kimya. Kisha uniandikie alichosema. Nami nimeandika, sasa zamu yako.