Gonga Mara Moja

Kidole cha pete cha mkono wa kushoto wa fundi hakina ukucha. Ukucha ulikwenda siku ambayo mpiga rangi wa gereji ileile alikaa kwenye usukani akazungusha ufunguo kabla hajaambiwa, vidole vya fundi vikiwa bado karibu na mkanda wa feni. Mpiga rangi aliapa kwamba alisikia boneti ikigongwa. Fundi hakubishana. Alikizungushia kidole kitambaa, akamaliza kazi kwa mkono mmoja, na tangu hapo hakumruhusu tena mpiga rangi kushika ufunguo wakati yeye ameinama kwenye injini.

Lakini gari lisilopiga stata linataka watu wawili. Mmoja akae ndani azungushe ufunguo, mwingine asimame mbele aangalie moto wa betri unaishia wapi. Wamiliki wengi huacha gari na kwenda zao kazini. Fundi huyu alikuwa fundi wa umeme wa magari, mtu wa makamo, hana mke, hana mtoto, na maneno yake yalikuwa machache kiasi kwamba pale gereji walimwita Kimya, na jina likamkaa kama shati la kushonesha.

Ng'ambo ya barabara, kwenye chumba chenye mlango wa bluu, kulikuwa na mwanamke mshonaji. Aliliona jambo la kidole tangu mwanzo, kwa sababu cherehani yake ilielekea dirishani. Kesho yake alimwona fundi amesimama mbele ya gari la mteja, kidole kimefungwa, anaangalia kiti cha dereva kitupu. Akavuka barabara na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Niambie nifanye nini," akasema.

"Nikigonga boneti mara moja, washa. Nikigonga mara mbili, zima."

"Na ukigonga mara tatu?"

"Tatu hakuna, dada."

Mshonaji akakaa, akaweka mikono miwili kwenye usukani kama anayepigwa picha, akangoja. Aligongewa, akawasha. Aligongewa mara mbili, akazima. Kisha akarudi kwenye cherehani yake.

Ikaendelea hivyo miaka tisa. Fundi alikuwa akiinua mkono upande wa barabara, na mshonaji huacha nguo pale ilipofika akaja. Hakuwahi hata siku moja kuwasha kabla ya kugongewa. Akimaliza husema, "Haya, fundi," naye hujibu, "Haya, dada," na kuna siku maneno hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yote ya fundi. Kwa mafundi wengine siku njema ni ya wateja wengi. Kwake siku njema ilikuwa ile inayoletwa gari lililokufa stata. Lilikuwa jambo la aibu kufurahia gari la mtu kugoma, kwa hiyo alilifurahia kimoyomoyo.

Kisha binti pekee wa mshonaji, muuguzi katika mji wa mbali, akajifungua mapacha. Likizo yake ya uzazi ilikuwa inaisha, Jumatatu anarudi wodini. Akamwomba mama yake ahamie kwake moja kwa moja. Fundi alizipata habari hizo kutoka kwa mpiga rangi.

"Jirani yako anaondoka Alhamisi," mpiga rangi alisema huku akikwangua mlango wa gari kwa msasa. "Ameshaanza kufunga mizigo. Sasa utamwinulia nani mkono, bwana Kimya? Mimi sitaki kesi ya kidole cha pili."

Fundi aliendelea kukaza nati ambayo ilikuwa imeshakaza.

Alhamisi asubuhi mshonaji alivuka barabara, safari hii bila futi shingoni. Alikuwa na gari dogo la zamani la gia otomatiki aliloachiwa na kaka yake, ambalo hulitoa mara chache. Lilikuwa limeegeshwa mbele ya mlango wa bluu, cherehani imefungwa kwa shuka kwenye kiti cha nyuma.

"Fundi, leo ni zamu yangu," akasema. "Nazungusha ufunguo, taa zinawaka, halafu basi. Halisemi kitu."

Fundi akabeba kisanduku chake akaenda. Mshonaji akakaa kwenye usukani bila kuambiwa. Fundi akapima betri, ilikuwa nzima. Akatikisa vichwa vya betri, vimekaza. Akawasha taa kubwa za mbele, akagonga boneti mara moja. Mshonaji akazungusha ufunguo. Taa hazikufifia hata kidogo, na huko chini hakukusikika hata tik. Maana yake stata haikuwa imejaribu ikashindwa; ilikuwa haijaambiwa kitu. Akachukua taa yake ndogo ya kupimia, akaigusisha kwenye ule waya mwembamba unaoipelekea stata amri, akagonga tena. Taa haikuwaka.

Hapo alikwishajua. Gari la gia otomatiki lina swichi pembeni ya giaboksi inayokataza stata mpaka gia iwe P, ya kuegesha, au N, ya huru. Swichi hiyo ikichakaa huisahau P. Unamwambia dereva, "Weka N, ujaribu," na mara nyingi gari linapiga. Alikuwa amelisema neno hilo kwa wateja mara nyingi kuliko jina lake mwenyewe. Lingechukua dakika moja, na baada ya dakika hiyo mlango wa bluu ungebaki umefungwa.

Alimwangalia mshonaji kupitia kioo. Mikono yake miwili ilikuwa juu ya usukani, anangoja.

"Nitaifungua stata," fundi akasema.

Mshonaji aliitupia gia jicho. "Itachukua muda gani?"

"Mpaka jioni. Labda kesho."

"Sawa," akasema. "Wewe ndiye fundi."

Kuishusha stata nzima ni kazi ya kipuuzi, na mikono yake ililijua hilo, kwani ilifanya kazi polepole kama mikono ya mtu anayejifunza. Mshonaji alitoa kigoda akakaa kivulini karibu na meza ya kazi, akachukua suruali ya mteja wa mwisho, akawa anapinda kwa mkono. Hawakuwahi kukaa karibu kwa muda mrefu namna ile. Siku zote kulikuwa na kioo na boneti katikati yao. Sasa fundi alikuwa na mchana mzima, na alitafuta la kusema.

"Hizi kaboni bado nzima," akasema mwishowe.

"Kaboni ndiyo nini?"

Akamwonyesha vile vipande vyeusi vinavyobana moyo wa stata na kuupitishia moto, akaeleza vinavyolika kidogokidogo mpaka siku ambayo havifiki tena. Yalikuwa maelezo marefu kuliko yote aliyowahi kumpa mtu, na yalihusu kitu ambacho hakikuwa kibovu. Mshonaji alisikiliza, sindano ikiwa hewani.

"Fundi, wewe ukiumwa nani anajua?"

"Nikipona wanajua," akasema. "Wananiona nimerudi."

Mshonaji akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Fundi akaona ni kama mlango umeachwa wazi pale, akaona kwamba mtu mwingine angeingia. Alikuwa na sentensi kichwani. Ilianza na "Dada, mimi," lakini kila alipofika kwenye "mimi" haikuwa na pa kwenda. Akachukua brashi, akaanza kusafisha gia ya stata.

Mpiga rangi alipita na kopo lake, akasimama akaangalia meza. "Leo umekuwa daktari gani wewe? Umempasua mgonjwa hata joto hujampima."

"Nenda kapake," fundi akasema.

"Aa, kumbe una sauti."

Jua liliposhuka simu ya mshonaji ikalia. Alikuwa binti yake. Fundi hakutaka kusikiliza, lakini meza ilikuwa ileile.

"Hapana, mwanangu, leo siji... Stata, anasema... Sitafuti fundi mwingine. Huyu namjua. Huyu hawezi kunidanganya." Akasikiliza kidogo. "Basi tulia, na wewe usilie. Walaze wote wawili, ulale. Kesho nitakuwepo."

Fundi aliifunika stata kwa gunia, akasema kesho mapema, akaenda nyumbani kabla ya kuagwa. Chumba chake kilikuwa na viti viwili. Kimoja alikalia, kingine kilikuwa cha nguo, na kimekuwa cha nguo kwa miaka mingi kiasi kwamba mto wake ulikuwa bado mpya chini ya nguo hizo. Alikula akiwa amesimama. Alikuwa amemwibia siku nzima mwanamke yule, pamoja na binti anayelia na watoto wawili, na katika siku hiyo alichosema ni habari za kaboni. Neno "hawezi" lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Asubuhi aliirudisha stata ilipotoka, akaunga nyaya, akafuta mikono zaidi ya ilivyohitaji. Mshonaji akaja akakaa kwenye usukani. Fundi hakwenda mbele. Alisimama dirishani.

"Weka N," akasema.

Mshonaji alimwangalia. Akakanyaga breki, akavuta gia mpaka N. Fundi akaenda mbele ya gari, akagonga boneti mara moja. Injini ikazunguka papo hapo, ikawaka, ikatulia. Akagonga mbili, ikazima. Akarudi dirishani kwa sababu hapakuwa na pengine pa kwenda.

"Jana hukuniambia niweke N," mshonaji akasema.

"Sikukuambia."

"Kila mtu unamwambia. Nimekaa kwenye viti vya watu miaka tisa, fundi. Ni neno lako la kwanza."

"Ndiyo, dada. Nilijua tangu jana. Stata haikuwa na kitu." Alikuwa anaangalia kitambaa mkononi. "Nimekucheleweshea safari. Nisamehe."

"Mimi nilijua una sababu," mshonaji akasema taratibu. "Ndiyo maana sikuigusa hiyo gia. Nikasema, ngoja, labda ana la kuniambia. Nikakaa pale na suruali ya watu mpaka jioni."

Fundi akafungua mdomo. Mshonaji akangoja, mikono juu ya usukani, kama alivyongoja siku zote, bila kuharakisha. Gari la maji likapita barabarani. Mpiga rangi alikuwa akipiga mluzi huko nyuma.

"Swichi ni chafu," fundi akasema. "Nipe nusu saa niisafishe, isije ikakusumbua njiani."

"Haya, fundi," akasema.

Akaingia uvunguni. Aliifungua swichi, akaisafisha tope na kutu, akaikaza mahali pake, akajaribu kwenye P mara tano. Alipotoka, mshonaji alikuwa amesimama mbele ya gereji akinakili namba ya simu ya fundi kutoka kwenye kibao alichokipaka mpiga rangi. Miaka tisa hakuwa na namba hiyo. Upana wa barabara ulikuwa unatosha.

"Likikataa tena, nifanye nini?"

"Weka N."

"Hilo nalijua," akasema mshonaji, akaingia garini, akaondoka.

Jumatatu ikaletwa pikapu ambayo haikupiga stata. Fundi alipima betri, akaushika waya, akagonga boneti. Alikuwa ameshainama na taa ya kupimia ndipo akakumbuka kwamba kiti kilikuwa kitupu. Akazunguka, akawasha mwenyewe, akarudi mbele mbio, na alipofika ufunguo ulikuwa umesharudi wenyewe, taa haina la kumwambia tena. Mpiga rangi alimwona akizunguka namna hiyo mara tatu. Hakufanya mzaha. Alisema tu, "Nikusaidie?" na fundi akatikisa kichwa.

Wiki hiyo alitengeneza kitu chake. Alichukua kitufe cha kengele ya mlango, akakiunga na nyaya mbili ndefu zenye meno ya kubana. Ukizibana kwenye stata unabonyeza ukiwa umesimama palepale mbele ya injini, huhitaji mtu. Kilifanya kazi vizuri. Hakikuwasha kabla ya wakati hata mara moja. Alikitundika kwenye msumari, na asubuhi alipokuwa anakichukua aliepuka kuangalia mlango wa bluu, ambao sasa ulikuwa na kufuli.

Simu yake ililia Jumapili moja, wiki ya sita tangu mshonaji aondoke. Gereji ilikuwa imefungwa lakini yeye alikuwepo, kwa kuwa alikuwa na pikapu nyingine na hakuwa na Jumapili.

"Fundi."

"Dada." Akafikiri haraka. "Limekataa? Linalia tik, au kimya?"

"Halijakataa. Niko ndani yake tu, nimekaa. Nyumba imejaa, hawa wawili wakianza hakuna anayemsikia mwenzake. Nimetoka nipumzike kidogo."

"Wazima lakini?"

"Wazima. Wanakua."

Fundi alisikia pumzi ya mshonaji, na mbali nyuma yake, kilio cha mtoto. Ile sentensi ilikuwa bado kichwani, imekaa pale kama nguo juu ya kiti.

"Fundi," mshonaji akasema. "Gonga."

Akaweka simu juu ya betri ya pikapu, akashusha boneti nusu, akagonga mara moja. Katika simu ikasikika stata ikizunguka, ikashika, kisha injini ikaanza kunguruma taratibu, nzima kabisa. Kwa mujibu wa makubaliano yao ilikuwa zamu ya fundi tena, mara mbili, kuzima. Aliinua mkono wenye kidole kisicho na ukucha, akauweka juu ya bati lenye joto la jua, akauacha hapo. Mshonaji naye hakuzima. Alikuwa hajagongewa.