Garde-malade wa Muuguzi

Hospitalini kwetu Baraka hakuna mgonjwa asiye na garde-malade, yaani ndugu wa kumlinda: kumpikia, kumfulia, kumgeuza kitandani. Hata kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, ninakofanya kazi ya uuguzi, wamejaa barazani na masufuria yao. Niseme kweli, walikuwa wananikera. Maswali hayaishi!

Msimu ule wa mvua nilichoka hadi kwenye mifupa. Wakaja wageni kutoka mjini kutufundisha kupunguza uchovu wa moyo. Tufumbe macho, tuvute pumzi polepole. Nilicheka kwa hasira. Sisi tunaoshinda tukipigania pumzi za watu, leo tufundishwe kupumua! Kisha akafariki mtoto mmoja wa kijiji cha Swima tuliyemhangaikia sana, nikaamua: Ijumaa namwambia mkuu wangu naacha kazi, narudi kijijini Lubondja kulima muhogo.

Ijumaa hiyo mchana, zamu imekwisha na kwa mkuu sijaenda bado, nilikuwa nimeketi nyuma ya stoo, hata nguvu ya kusimama sina. Akatokea mama wa yule mtoto, kitambaa cha msiba bado kichwani. Nikajua amekuja kunilaumu. Akaweka mbele yangu sahani ya bugali na visamaki vya ndagala.

“Muganga, garde-malade wako ni nani?”

“Mama, mi siko mugonjwa.”

“Siku mutoto wangu alikufa, nilikuona unalia hapa hapa. Hakuna muntu alikuya kukushika.” Akatandika mkeka, akaketi. “Kula. Kisha ulale kidogo. Mi nitakulinda.”

Nilipigwa na butwaa. Mwanamke aliyetoka kuzika ameacha matanga nyumbani, amepanda pikipiki kutoka Swima, aje kumlinda mtu aliyeshindwa kumponya mwanawe! Nilikula machozi yakidondokea sahanini, kisha nikalala. Kila aliyekuja kuniuliza jambo, katika usingizi wangu mwepesi nilimsikia mama akimrudisha kwa sauti ya chini: “Muganga iko analala. Uende kwa mwenzake.” Hadi leo nikikumbuka, mwili unanisisimka. Sijui moyo wa namna ile unatoka wapi.

Nilipoamka, nilikuta amenifunika kitenge chake.

“Kesho unaingia saa ngapi?” akauliza. “Nikuletee mboga ya sombe.”

Mkuu wangu alikuwa bado ofisini, mlango wazi, namwona kutoka pale nilipokaa.

“Saa moja ya asubui, mama,” nikamjibu.