Nazi ya Mzamiaji

Mzamiaji yule wa majongoo bahari hakuzama bila nazi. Pazi, shemeji yake aliyemshikia mtumbwi miaka thelathini, alikwisha kuichoka sauti ya lile taya: anatafuna, anatema majini, mafuta yanatandaa, maji yanatulia, naye anachungulia chini kama mtu dirishani, akitafuta majongoo yale meusi tu. Akishazama, chumvi humtia ukungu machoni, basi hukanyaga na kupapasa. Masikio nayo yalikwisha kupasuka. Ukimuuliza lolote, jibu lake "Marahaba".

Mwaka wa hamsini na tatu Mzungu mmoja aliyekuja Bagamoyo kutazama samaki alimwazima miwani yake ya kuzamia. Akazama, akaibuka mikono mitupu.

"Umeona nini, shemeji?" Pazi alimpigia kelele sikioni.

"Nyayo zangu. Matumbawe yote niliyokanyaga yamekuwa meupe kama mifupa. Palipobaki pazuri ni kule ambako sijafika."

Akairudisha miwani bila hata ahsante. Kesho yake walitoka tena. Watu wa nyumbani wangekula nini? Pazi aliisikia nazi ikitafunwa, akangoja aiteme. Mwenzake akaimeza, akafumba macho, akajitosa.