Leveli ya Nane, Ikutha

Wenzangu mliowahi kupuliza kaseti ya gemu mpaka mkaona kizunguzungu, sogeeni karibu. Hawa wa kugusa kioo kwa kidole wasikilize tu, wakipenda.

Enzi zetu pale Ikutha, gemu haikuwa kitu cha kutoa mfukoni. Binamu yangu Kioko alikuja nayo likizo ya Agosti kutoka Kalamba, ameifunga kwa sweta ndani ya kiondo kama mayai. Mashine ya kijivu, rimoti mbili za waya, bunduki ya plastiki, na kaseti ya manjano iliyoandikwa kwamba ndani kuna michezo 9999. Mimi sinunui maneno ya karatasi. Nilikaa nikahesabu, nikarudia: michezo kumi na miwili. Mingine yote ilikuwa ile ile, imebadilishwa jina ikarudishwa kwa foleni. Ni kama mtu akuuzie mbuzi mmoja mara mia nane, kila mara amemvisha kamba mpya.

Lakini tusidanganyane, ilikuwa maajabu. Televisheni yetu ya betri ya gari tulizoea kukaa mbele yake tukiambiwa habari. Sasa unabonyeza kitufe, na mtu aliye ndani ya kioo anaruka! Na ile bunduki: unapiga bata, bata anaanguka, kioo hakivunjiki. Susu, yaani nyanya yetu, alichungulia nyuma ya televisheni akitafuta manyoya.

Mchezo wenyewe hasa ulikuwa mmoja. Mtu mdogo mwenye mkuki anavuka mashimo na nyoka, leveli nane, mpaka kwa mlango mkubwa wa chuma. Nyuma ya huo mlango kuna nini, hakuna mtu Ikutha nzima alijua. Kioko alisema dhahabu. Mimi nilisema mke wa huyo wa mkuki. Maisha yalikuwa matatu, na mashine haikuwa na kumbukumbu: ukiizima, imesahau hata kama mliwahi kujuana. Kwa hivyo maisha yalikuwa mali. Nilichukua zamu ya Kioko ya kuchota maji, akanipa maisha mawili. Mwanzo alitaka zamu mbili. Nikamtazama tu mpaka akaona aibu, akashuka.

Jumapili ya mwisho, kesho yake Kioko arudi kwao na mashine yake, tuliamka kabla ya kuku. Saa tatu asubuhi tukafika leveli ya nane, mara ya kwanza katika maisha yetu. Tumebaki na uhai mmoja, na mlango tunauona kwa macho. Ndipo mama akaita.

"Nyinyi wawili! Hiyo miguu ya vumbi mnaipeleka kanisa gani? Mafuta mmepaka?"

Kuna bei haipunguzwi. Kioko akabonyeza kitufe cha kusimamisha. Tukazima televisheni ili betri isiishe, mashine tukaiacha inawaka. Tulijiona wajanja kuliko wahandisi walioiunda. Susu akabaki nyumbani kwa sababu ya goti.

Siku hiyo mchungaji alisema "na kwa kumalizia" mara nne. Nilihesabu, nikarudia: nne. Kioko aliomba kwa bidii mpaka mama akamshika paji la uso, akidhani ni malaria.

Tulirudi mbio. Televisheni ilikuwa inawaka, na Susu amekaa mbele yake, rimoti mapajani.

"Nimewasha nisikie habari," akasema, "nikakuta huyu kijana amesimama juani peke yake. Nani huacha mtu hivyo? Nikabonyeza, aende kwao."

"Na akaenda, Susu?" Kioko akauliza.

"Alienda vizuri. Hatua tatu hivi. Halafu akaingia shimoni. Kwani hamkumfundisha kuangalia chini?"

Kioko akalia kama aliyefiwa. Susu alimtazama, akatazama kioo, kicheko kikamwisha.

"Aiya, kumbe alikuwa wenu," akasema. "Anzeni tena. Maji ya leo mama yenu atachota."

Mama alikuwa bado amesimama mlangoni na Biblia yake. Akachukua jerikeni, na viatu vya kanisa miguuni.

Tukaanza upya. Leveli ya tano, picha ikaanza kujikunja pande zote kama chapati iliyosahauliwa juani. Betri inakufa. Tukaitoa nje tukaianika, vile tulivyokuwa tunaanika mawe ya redio, zile betri ndogo, na baada ya muda tukaigeuza ili iive sawasawa. Ilipata joto, basi. Jumatatu Kioko akaenda na mashine yake, na mlango hatukuufikia.

Leo binti yangu Mwende anayo gemu hiyo hiyo kwa simu, pamoja na mia tatu zingine. Nilizihesabu mara mbili nikitafuta wizi. Kumbe zote ni tofauti. Nikamuuliza ana maisha mangapi.

"Hayaishi, Mum."

Anakufa mara arobaini kabla ya chai, na kila mara anafufuka palepale alipoanguka, hata jasho hana. Sisi tulikufa mara chache, lakini tulikufa vizuri. Juzi alimaliza leveli ya nane kwa kidole kimoja, mkono mwingine ukiwa na mandazi. Mlango ukafunguka mbele yangu. Nikaona kilichokuwa ndani.

"Ndiyo hiyo tu?" nikamuuliza.

"Ndiyo hiyo. Naifuta, simu imejaa."

Nilitoka nje nikampigia Kioko. Siku hizi ni mzee wa kanisa kule Kalamba, mwenye duka la mbegu na kitambi cha kulilinda.

"Kioko," nikamwambia, "leo nimeona ndani ya ule mlango."

Nikasikia mteja akimwita, naye hamjibu.

"Wee! Usiniambie," akasema. "Mimi bado naenda."

Akakata simu.